UTELE WA MUNGU HAUKIMBILIWI

Masomo: Marko 6:30-44; 2 Wakorintho 9:6-11



Biblia imejaa ahadi za Mungu juu ya riziki zetu. Nabii Malaki anasema habari za madirisha ya mbinguni yatakayofunguliwa kwa watu waletao zaka. Katika Luka sura ya 6 Bwana wetu anasema juu ya kipimo kinachojazwa mpaka kinafurika. Mtume Paulo anawahakikishia Wafilipi kwamba Mungu atawapa kila wanachokihitaji. Na katika Yohana 10:10 Mchungaji Mwema anasema amekuja ili kondoo wake wawe na uzima kwa wingi. Maneno haya twayajua. Tumeyaandika kwenye kalenda za ukutani, nyuma ya magari na juu ya milango ya maduka.

Lakini mkulima aliyeuza kahawa yake na kuona fedha haitoshi hata kulipia dawa ya kunyunyizia mibuni, naye huyasoma maneno hayo hayo. Mjane ambaye kihamba chake kimegawanywa kwa wana wanne huyasoma. Kijana aliyemaliza chuo na kurudi nyumbani bila kazi huyasoma. Wote watatu huuliza moyoni: Ahadi hizi ni za nani? Je, sikupata kwa sababu imani yangu ni ndogo? Ni swali la haki, na kanisa lisipolijibu, wako wengine watakaolijibu.

Katika mji wetu huu swali hilo limegharimu maisha ya watu. Jioni ya Jumamosi, tarehe 1 Februari 2020, katika uwanja wa Majengo hapa Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana. Walikuwa wamekuja kwenye ibada. Ulipofika wakati wa kupita juu ya mafuta yaliyoombewa, umati ukakimbilia mahali pamoja, na walioanguka hawakuweza kuinuka tena. Ndugu zangu, tusiwahukumu marehemu hao, wala tusijione sisi kuwa bora kuliko wao. Mtu haachi nyumba yake na kwenda kutafuta baraka jioni kama hana haja moyoni. Yatupasa tuwalilie, kisha tujiulize: Je, utele wa Mungu ni kitu cha kukimbiliwa?

KWANZA, TUONE JINSI BWANA ALIVYOGAWA

Marko anaeleza kwamba watu wale wa Galilaya nao walikuja mbio. Walimwona Yesu na wanafunzi wake wakiondoka kwa mashua, wakatoka katika miji yote, wakakimbia kwa miguu, wakawatangulia kufika. Mahali penyewe palikuwa nyika, tena jua lilikuwa linakuchwa. Wanaume walikuwa 5,000, na Mathayo anaongeza kwamba wanawake na watoto hawakuhesabiwa. Mikate ilikuwa mitano, na samaki wawili. Mtu yeyote aliyewahi kugawa chakula msibani anaijua hatari iliyokuwapo. Wenye nguvu wangetangulia, wazee na watoto wangebaki nyuma, na mikate mitano ingekwisha mikononi mwa watu watano.

Basi, Bwana alifanya nini? Kabla ya kuishika ile mikate aliagiza watu wote waketishwe. Wakaketi majanini kwa makundi, mia mia na hamsini hamsini. Mara nyingi twasoma habari hii tukilipita jambo hili haraka, ili tuufikie muujiza. Lakini agizo hili ni sehemu ya muujiza. Aliyeketi hawezi kumkanyaga mwenzake. Aliyeketi amekubali kungoja zamu yake, kwa sababu anamwamini yule anayegawa. Ndipo Yesu akatazama juu, akashukuru, akaimega mikate, akawapa wanafunzi wapeleke. Watu hawakukifuata chakula. Chakula ndicho kilichowafuata walipoketi. Mzee aliyekuwa mwisho wa kundi la mwisho alishiba sawa na kijana aliyefika wa kwanza. Na vipande vilivyobaki vikajaza vikapu 12.

Hapa tunayo alama ya kupimia kila mahubiri ya baraka. Mahali ambapo yampasa mtu kumsukuma mwenzake ili apate, hapo hatumwoni yule Bwana aliyewaketisha watu. Karama yake haiishi kabla ya kumfikia wa mwisho. Sisi Waanglikana tunalionyesha jambo hili kila tunapokaribia Meza ya Bwana. Mwenye duka na kibarua wake hupiga magoti bega kwa bega. Hakuna anayekimbia. Kila mmoja hunyosha mikono mitupu, na kipande anachopewa tajiri si kikubwa kuliko cha maskini. Laiti tungeondoka pale tukaishi vivyo hivyo sokoni na nyumbani!

PILI, TUZISOME AHADI PAMOJA NA JIRANI ZAKE

Mstari wa Biblia una jirani zake, kama mtu alivyo na jirani zake. Ukiung'oa na kuupeleka peke yake mbali, utaweza kuusemesha neno lolote unalotaka.

Tazama ahadi ile ya Wafilipi 4:19. Paulo aliiandika akiwa kifungoni. Mistari michache kabla yake anasema kwamba amejifunza kuwa radhi, ashibapo na aonapo njaa. Tena watu aliowaandikia walikuwa wametoka kumpelekea msaada katika dhiki yake. Kwa hiyo ahadi hii ilisemwa na mfungwa maskini kwa watu waliomkumbuka. Tazama pia kipimo kile cha Luka 6:38. Jirani zake ni maneno ya kutohukumu, kusamehe, na kuwapenda adui. Bwana hasemi hapo habari za fedha peke yake. Anasema kwamba mtu mwenye kipimo kikubwa cha rehema atapimiwa kwa kipimo hicho hicho. Na Malaki anapotaja zaka, anaeleza sababu yake: ili nyumba ya Mungu iwe na chakula. Mistari michache nyuma, katika sura hiyo hiyo, anawaonya wale wanaomdhulumu kibarua ujira wake, na mjane, na yatima, na mgeni.

Basi sadaka si bei ya kumnunua Mungu. Mkristo mwenzangu, mtu akikuambia uuze ng'ombe wako, au utoe ada ya mtoto, ili Mungu akurudishie mara mia kabla ya mwisho wa mwezi, huyo amekupa mstari usio na jirani zake. Vivyo hivyo akikuambia uache dawa ulizopewa hospitali. Twaombea wagonjwa, na kuwapaka mafuta kama Yakobo alivyofundisha. Lakini maombi hayamkatazi mtu kumeza dawa.

TATU, TUTAZAME RIZIKI YETU HUTOKA WAPI

Tarehe 11 Mei 1848, Johannes Rebmann, mmisionari wa C.M.S. aliyetoka Rabai karibu na Mombasa, aliuona mlima wetu kwa mbali, ukiwa na weupe kileleni. Huko Ulaya baadhi ya wataalamu walikataa kusadiki kwamba theluji yaweza kuwapo karibu na ikweta. Yeye mwenyewe aliandika kwamba siku hiyo, katika kuzisoma Zaburi kwa utaratibu wake, alikuwa amefikia Zaburi ya 111. Zaburi hiyo inayasifu matendo makuu ya Bwana. Na katika mstari wa tano inataja kwamba huwapa chakula wale wamchao. Matendo makuu na chakula cha kila siku vimewekwa pamoja katika wimbo mmoja.

Tangu siku hizo watu wamekuja kutoka pande zote za dunia kuitazama theluji ya Kibo. Nayo inapungua. Zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwapo mwaka 1912 ilikuwa imekwisha kufikia mwaka 2011. Wengi wetu huogopa kwamba siku theluji itakapokwisha, na maji yetu yatakwisha. Lakini waliouchunguza mlima wanatueleza kwamba sehemu kubwa ya maji ya mito na chemchemi zetu haitoki katika barafu. Hutoka msituni. Upande wa kusini, katika msitu ulio juu ya vijiji, mvua huzidi milimita 2,000 kwa mwaka, hali Moshi mjini haifiki nusu ya hizo. Msitu hupokea mvua na ukungu. Udongo wake huyashika maji na kuyaachilia kidogo kidogo, hata wakati wa kiangazi.

Tuyafikiri haya, wapendwa. Kinachong'aa ndicho kinachopigwa picha, lakini kinachotunywesha ni ule msitu wenye giza na ukungu, ambao wengi hupita wakiutazama kama kitu cha njiani tu. Riziki zetu nyingi ni za namna hiyo. Twahesabu kuwa amebarikiwa yule mwenye gari jipya na nyumba ya ghorofa. Hatumhesabu mama anayepandisha mzigo wa majani kichwani kutoka tambarare ili ng'ombe wa zizini wale, maziwa yapatikane, na samadi irudi kwenye migomba. Hatumhesabu mwalimu wa darasa la kwanza, wala mke na mume wanaolala bila ugomvi, wala jirani anayetusikia tukipiga kelele usiku na kuja mbio. Nyumba ambayo asubuhi ina uji, na jioni ina sala na watu wanaosameheana, imefikiwa na utele wa Mungu, ingawa hakuna atakayeipiga picha.

Na kama ndivyo, yatupasa kuulinda msitu. Mtu akataye miti juu ya chemchemi, kisha akasimama kanisani kuomba mvua, anaomba kwa kinywa kile ambacho mikono yake imeshakikana.

NNE, UTELE NI MAJI YAPITAYO

Wazee wa mlima huu walichimba mifereji, ile mifongo, kabla ya mmisionari yeyote kufika. Waliyakinga maji ya mto kwa mawe, udongo na magogo ya migomba, wakayaongoza ubavuni mwa vilima kwa macho tu, bila vyombo vya kupimia. Penye maji machache walichimba nduwa ya kuyakusanya usiku, ili asubuhi yafunguliwe. Palikuwa na zamu za maji, na palikuwa na siku za kusafisha mfereji, na asiyekuja alitozwa faini. Kwa nini sheria zote hizo? Kwa sababu aliye juu hupata kwanza, na wa chini hana nguvu ya kumlazimisha. Mwenye shamba la juu akiziba usiku kwa siri, migomba yake itastawi, na ya jirani wa chini itakauka. Ni mfereji mmoja na mto mmoja, lakini nyumba moja inamshukuru Mungu na nyumba ya pili inalia.

Huko tambarare tumelijifunza somo hili kwa uchungu. Mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi, unaotumia maji ya mito ya Rau na Njoro, ulikamilika mwaka 1987 kwa msaada wa Japani. Mpunga ukastawi vizuri. Wakulima wengine wa upande wa juu, waliokuwa nje ya mradi, walipoona faida nao wakaanza kupanda mpunga. Hakuna dhambi katika kutaka kulisha watoto. Lakini maji hayakutosha wote, na mashamba mengine yaliyokuwa yametengenezwa kwa ajili ya mpunga yakakosa maji. Mafanikio yenyewe yalizaa upungufu, kwa kuwa kila mmoja alitazama shamba lake tu.

Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho juu ya neno hili hili. Katika 2 Wakorintho 9:8 anawaambia kwamba Mungu aweza kuwazidishia neema, wawe na ya kuwatosha siku zote, tena wazidi sana katika kila kazi njema. Angalieni vizuri: kwa ajili yetu wenyewe anataja kutosha, kuzidi kunakuja katika kazi njema. Kinachotutosha hukaa shambani kwetu. Kinachozidi huendelea kushuka kwa jirani. Katika sura ya 8 anawakumbusha mana ya jangwani: aliyekusanya nyingi hakubakiwa na kitu, na aliyekusanya chache hakupungukiwa. Nasi twajua kutoka kitabu cha Kutoka kwamba mana iliyowekwa akiba kwa tamaa iliingia mabuu na kunuka.

Wala tusidhani kwamba tunachokiachilia kinapotea. Maji ya mlima huu, baada ya kupita migombani na mashambani, hushuka hadi bwawa la Nyumba ya Mungu. Kutoka huko hufuata mto Pangani, huzungusha mitambo ya umeme ya Hale na Pangani, ndipo yanapoingia baharini. Mtu aliyefungua mfereji wake alfajiri hajui kwamba amesaidia kuwasha taa ya mgonjwa asiyemjua. Mungu anajua.

BASI, TUFANYE NINI?

Tuanze na mambo yaliyo karibu. Ukiwa na kibarua, umlipe siku yake, usimwambie aje kesho nawe fedha unayo. Ukiuza ndizi au kahawa, mizani yako isiseme uongo. Ukiwa ofisini, usimngojeshe mtu mpaka atoe kitu ndipo umpe haki yake. Huko ni kuziba mfereji.

Wazazi, watoto wetu walioko Dar es Salaam, Arusha na kwingineko hupanda mlimani kila Desemba. Barabara hujaa magari, mbuzi huchinjwa, na nyumba zilizofungwa mwaka mzima hufunguliwa. Ni furaha kubwa, na ni vema ndugu wakae pamoja. Lakini Januari huja. Bibi hubaki peke yake na kuku wawili. Nawasihi wenye magari na wenye mishahara: yale ya Desemba yakatwe, ili yamfikie mama yako mwezi Machi, na mwezi Julai, na mwezi Oktoba. Kipande cha nyama kila mwezi ni bora kuliko mbuzi mzima kwa siku moja.

Na wakati wa Sikukuu ya Mavuno tunapoleta mikungu, mayai, mahindi na kahawa mbele za Bwana, kisha tukafanya mnada, tukumbuke yule aliyekuja mikono mitupu. Asione haya. Wazee wa kanisa waangalie ni nani wa mtaa wetu ambaye hakuja kwa sababu hakuwa na cha kuleta, na mchana huo huo wampelekee sehemu. Bwana alitaka vipande vyote vikusanywe, kisipotee kitu. Nasi tuseme vimekusanywa ili vimfikie nani.

NENO KWA MWENYE KUPUNGUKIWA

Mwisho nataka kusema na wewe unayesoma haya huku huna. Umeomba, umefunga, umetoa, na bado hali ni ile ile. Usikubali mtu yeyote akuambie kwamba Mungu amekukataa. Mwokozi mwenyewe aliona njaa jangwani, na juu ya msalaba aliona kiu. Nabii Habakuki aliiona siku ambayo mtini haukuchanua, mizabibu haikuzaa, na zizini hamkuwa na ng'ombe. Akaazimu bado kumfurahia Mungu wa wokovu wake. Kama angaliishi hapa, angalitaja mibuni isiyozaa, na migomba iliyoangushwa na upepo. Furaha yake haikutegemea mavuno. Ilimtegemea Mungu ambaye hata mavuno ni yake.

Tena, sema haja yako. Wanafunzi walimwambia Yesu bila kuficha kwamba chakula hakitoshi. Mwambie kasisi, mwambie mzee wa kanisa, mwambie jirani unayemwamini. Si aibu kuketi majanini ukingoja kuletewa. Watu wote 5,000 waliketi. Huenda mkate wako umo mikononi mwa mwenzako, naye anangoja kujua ni wapi aupeleke.

Na sisi tulio juu ya mfereji, tusilale leo kabla ya kwenda kuangalia kama maji yanapita.

Tuombe.

Ee Mungu Mwenyezi, uliyeiweka milima na kuivika misitu, uliyewalisha watu nyikani kwa mkono wa Mwanao: tunakushukuru kwa mvua, kwa migomba, kwa kahawa, na kwa kila mkono unaotuletea chakula. Uwapumzishe kwa amani wote waliokufa wakitafuta baraka zako, ukawafariji jamaa zao. Utuondolee tamaa inayosukuma na hofu inayoziba. Utupe ya kututosha, na moyo wa kuyapitisha yanayozidi, hata yamfikie wa mwisho. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.